Betri za kuchaji hazidumu? Ichunguze chaja kwanza

Kipaza sauti kilikata mzee akiwa katikati ya kumuusia binti yake. Ilikuwa harusi ya Mbagala, Dar es Salaam, mimi niko nyuma ya mitambo, na betri za kipaza sauti kile nilizitoa kwenye chaja mchana wa siku hiyo hiyo, taa ikiwa kijani. Nilikimbia na betri nyingine, mzee akaendelea, lakini yale aliyokuwa anayasema hakuyarudia. Usiku nilipofika nyumbani nikazipima zile betri mbili kwa mita. Moja ilisoma volti 1.27, ya pili 0.96. Zilichajiwa pamoja na zikatumika pamoja, ila moja iliingia kazini ikiwa nusu. Chaja ndiyo iliyowasha kijani kabla ya wakati.

Nilihangaika na jambo hilo kwa miezi, na siku hizi majirani na mafundi wenzangu huniletea betri wanazosema zimekufa. Nyingi hazijafa. Ama chaja haikuzijaza, ama ilizijaza kupita kiasi zikachoka mapema, ama zimewekwa kwenye kifaa kisichozifaa. Ndiyo maana nasema mtu asitupe betri kabla hajaichunguza chaja. Nimepanga maelezo kwa dalili, nenda kwenye ile unayoiona kwako. Sehemu ya kwanza, hata hivyo, isome hata kama una haraka, kwa kuwa kosa la hapo linaweza kuunguza nyumba.

Kabla ya yote: ni betri gani hiyo?

Betri zinazofanana umbo hazifanani tumboni. Igeuze, usome maandishi madogo.

Ikiwa imeandikwa NiMH na 1.2V, hiyo ndiyo betri ya kuchaji ya kawaida ya nyumbani, iwe saizi ya AA au ile nyembamba ya rimoti, AAA. Wenzetu wa Kenya huziita betri za aina hii mawe, sawa na zile za kutupa. NiCd ni ndugu yake wa zamani, nayo ni ya volti 1.2. Bado utaikuta ndani ya taa za bustani za sola na simu za mezani zisizo na waya. Chaja nyingi za NiMH huzikubali zote mbili, lakini chaja ya kale iliyotengenezwa kwa ajili ya NiCd tu usiitumie kwa NiMH, maana haitajua ikate saa ngapi.

Ikiwa imeandikwa Alkaline, au ni zile za bei nafuu za zinki na kaboni zinazouzwa kila duka la mtaa, hiyo si ya kuchaji. Ndani ya chaja hujaa gesi, huvuja, na pengine hupasuka. Na hapa niseme neno kuhusu desturi yetu ya kuanika betri juani. Betri ya zinki ikipata joto huamka kidogo kwa muda mfupi, ndiyo maana redio ya babu iliongea tena baada ya betri kulala juu ya bati mchana kutwa. Betri ya NiMH haipati kitu juani zaidi ya madhara. Usiianike, wala usiitafune kwa meno.

Aina ya tatu ndiyo inayonitia hofu. Siku hizi zipo betri za lithiamu zenye umbo lile lile la AA. Kuna zinazoandikwa 1.5V na zina tundu la USB ubavuni au chaja yake maalumu. Kuna nyingine zinaandikwa 3.7V na namba 14500, zinatumika kwenye tochi fulani. Hizi zote usiziweke kwenye chaja ya NiMH, na NiMH usiiweke kwenye chaja ya lithiamu, ambayo husukuma hadi volti 4.2. Kwa macho zinaingia sawasawa kwenye tundu, na hakuna kitu kitakachokuzuia. Betri ya 3.7V ukiitia kwenye redio au saa iliyotengenezwa kwa 1.5V, unaweza kukiunguza kifaa papo hapo.

Taa imewaka kijani, lakini betri inakata njiani

Hii ndiyo dalili iliyoniaibisha Mbagala, na ndiyo inayoletwa kwangu mara nyingi kuliko zote.

Sababu ya kwanza ni chaja inayochaji kwa jozi. Ina matundu manne, lakini ndani ni njia mbili tu, kila njia inabeba betri mbili zilizofuatana kama mabehewa. Umeme unaoingia kwenye ya kwanza ndio huo huo unaopita kwenye ya pili. Basi ukiweka betri yenye chaji nusu pamoja na iliyokwisha kabisa, ile ya nusu inajaa mapema, chaja inakata, na mwenzake inabaki nyuma. Ama chaja haikati, inaendelea kuingoja ya pili, na ile ya kwanza inapikwa.

Kuitambua ni rahisi: weka betri moja tu. Kama taa haiwaki mpaka uweke ya pili, chaja yako ni ya jozi. Hesabu na taa zake, matundu manne kwa taa mbili ni ishara ile ile.

Dawa ya kudumu ni kununua chaja inayoangalia kila tundu peke yake. Kama fedha haijapatikana, zifunge betri zako ndoa. Chukua kalamu ya wino usiofutika, andika A na A, B na B. Jozi A itumike pamoja kwenye kifaa kimoja, iishe pamoja, ichajiwe pamoja. Betri za rimoti na betri za tochi zisichanganywe hata kama zimenunuliwa pakiti moja. Kifaa kinachotumia betri moja au tatu ndicho kinachovuruga hesabu hii, na kwa nyumba yenye vifaa hivyo chaja ya jozi haifai kabisa.

Sababu ya pili inahitaji kueleza chaja inajuaje kwamba betri imejaa. NiMH inapochajiwa volti yake hupanda taratibu. Ikijaa, hufika kileleni kisha hushuka kidogo mno, milivolti chache tu, na wakati huo huo joto lake huanza kupanda kwa kasi. Chaja inayojikata huwinda mshuko huo mdogo. Sasa, betri iliyokaa miezi kabatini, au iliyozeeka, huweza kutoa mshuko wa uongo ndani ya dakika za mwanzo. Chaja inaamini imejaa, inawasha kijani. Ukiona betri tupu imekuwa kijani ndani ya dakika tano au kumi, itoe, ihesabu mpaka thelathini, irudishe. Mara nyingi safari ya pili au ya tatu inaendelea vizuri. Baada ya kuitumia na kuichaji mizunguko miwili mitatu, tabia hiyo huisha.

Sababu ya tatu ni uchafu, na sisi wa pwani tunaijua. Hewa ya chumvi hula vyuma. Angalia vile vibati na springi zinazogusa betri. Ukiona weusi au ukungu wa kijani, chomoa chaja kwenye umeme, sugua kwa raba ya kufutia penseli, malizia kwa pamba yenye spiriti, acha ikauke. Futa na vichwa vya betri. Mguso mchafu huidanganya chaja, kwa sababu inasoma volti isiyo ya betri.

Kama ni unga mweupe ulioachwa na betri ya alkaline iliyovuja ndani ya kifaa, raba haitoshi. Vaa glavu au mfuko wa plastiki mkononi, pitisha pamba yenye siki au ndimu, ule unga utachemka kidogo na kulainika, kisha futa kwa kitambaa chenye maji kiasi na ukaushe.

Betri zinachemka kwenye chaja

Uvuguvugu mwishoni mwa kuchaji ni kawaida. Ishike betri kwenye kiganja ufumbe ngumi. Kama unaweza kuishika bila shida, acha iendelee. Kama inakulazimisha kuiachia, chomoa chaja, kuna kitu hakiendi sawa.

Mara nyingi ni chaja bubu. Ndivyo ninavyoiita chaja isiyojua chochote: inasukuma umeme tangu unapoichomeka mpaka utakapoichomoa, imejaa isijae. Kwenye boksi lake huandikwa saa za kuchaji, kwa mfano saa 8 hadi 15, na kazi ya kuangalia saa ni yako. Hesabu yake ni hii: chukua namba ya mAh iliyo kwenye betri, yaani chaji inayobeba, gawanya kwa mA, yaani umeme unaotolewa na chaja, kisha zidisha kwa moja na nusu, kwa kuwa sehemu ya umeme hupotea kama joto. Betri ya 2000 mAh kwenye chaja ya 200 mA ni 2000 gawanya kwa 200, yaani 10, mara moja na nusu, saa 15. Lakini hiyo ni kwa betri iliyokwisha kabisa. Ukiichaji betri iliyobaki nusu kwa saa zile zile 15, umeizidishia karibu saa nane. Haitapasuka kwa umeme mdogo wa namna hiyo, ila itapata joto kila mara, itakauka ndani, na badala ya miaka utaipata miezi.

Zipo chaja za saa, ambazo zina kipima muda ndani. Zinaonekana nafuu na salama, na kwa nchi ambayo umeme haukatiki pengine ni hivyo. Kwetu umeme ukikatika na kurudi, kipima muda huanza kuhesabu upya tangu sifuri. Chukua chaja ya saa 8. Umeiwasha saa moja usiku, umeme ukakatika saa nane usiku betri ikiwa karibu kujaa, ukarudi saa tisa. Chaja itaanza saa 8 nyingine, na betri itapikwa mpaka saa tano asubuhi. Hata LUKU, umeme wetu wa kulipia kabla, kuisha na kuongezwa ni kukatika kwa umeme kwa upande wa chaja. Ukiwa na chaja ya aina hii, chaji mchana ukiwa nyumbani, na umeme ukikatika usiruhusu ianze tena peke yake. Zima swichi, kamilisha saa zilizobaki kwa mkono.

Sababu nyingine ni umeme usiolingana na ukubwa wa betri. Umeme ukiwa mwingi mno, betri inachemka. Hizo chaja zinazojisifu kujaza kwa dakika 15 mimi sizitumii kabisa. Ila umeme ukiwa mdogo mno kwenye chaja inayojikata, kuna shida ya upande wa pili ambayo watu hawaitarajii: ule mshuko wa volti nilioueleza unakuwa mdogo kiasi kwamba chaja haiuoni, inapitiliza. Kwa chaja ya kujikata, theluthi hadi nusu ya namba ya mAh ya betri ni mahali pazuri. Betri ya AA ya 2000 mAh ipate kati ya 700 na 1000 mA, na AAA ya 800 mAh ipate kati ya 250 na 400 mA. Chaja nyingi za nyumbani hutoa 500 mA kwa AA na zinafanya kazi vizuri, ilimradi zimetengenezwa vyema.

Kama betri moja tu kati ya nne ndiyo inayochemka, na kila ukiihamishia tundu jingine inachemka huko huko, basi ni betri. Imezeeka, umeme unapita ndani yake kwa taabu. Kama joto linabaki kwenye tundu hata ukibadilisha betri, ni chaja.

Angalia pia mahali. NiMH haipendi kuchajiwa kwenye joto la zaidi ya nyuzi 40 hivi. Chaja juu ya friji, dirishani kwenye jua la saa nane, chini ya mto, ndani ya gari lililofungwa: pote hapo betri inaanza safari ikiwa tayari imechoka. Mimi chaja yangu ipo juu ya kigae sakafuni, mbali na pazia, na mwezi wa pili naielekezea feni.

Chaja inaikataa betri, taa inapepesa au haiwaki

Chaja inayojikata hupima betri kabla ya kuanza. Ikiikuta chini ya volti 0.8 au 0.9 hivi, nyingi huiona kama kitu kibovu au kama hakuna betri kabisa. Hii hutokea tochi ikisahaulika imewashwa, au toi ya mtoto ikiachwa ikilia hadi mwisho.

Chukua chaja bubu, ile ile niliyoisema vibaya hapo juu, hapa ndipo inapopata heshima yake. Weka betri humo kwa dakika 10 hadi 15, ukiwa umekaa karibu. Volti ikishapanda, ihamishie kwenye chaja nzuri, itaikubali. Ikikataa tena baada ya majaribio mawili, iache. Njia hii ni ya NiMH na NiCd tu. Betri ya lithiamu iliyokwisha kupita kiasi usijaribu kuifufua kwa njia yoyote ya kienyeji.

Ukiipima kwa mita na kukuta namba yenye alama ya kutoa mbele yake, betri hiyo imegeuzwa: chanya imekuwa hasi. Hutokea kwenye vifaa vya betri nyingi. Tochi ya betri nne, tatu zina nguvu na moja dhaifu, ile dhaifu ikiisha wenzake wanaendelea kuisukuma umeme kinyumenyume. Betri iliyofika huko haiaminiki tena. Ndiyo sababu ya kuzitenga jozi, na ndiyo sababu ya kuzima tochi mwanga unapoanza kufifia badala ya kungoja izime yenyewe.

Na kabla ya yote hayo, hakikisha hukuigeuza ulipoiweka. Kwenye baadhi ya chaja AA na AAA huingia tundu moja, na AAA ikikaa mshazari haigusi.

Betri imejaa, kifaa kinasema haina chaji

Jirani yangu, mama wa makamo anayejipima presha kila asubuhi, alinigongea mlango na mashine mkononi.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu. Zile betri zako za kuchaji zimekufa tena. Nimezichaji usiku kucha, mashine inaonyesha alama ya betri."

Nikazipima. Zote nne zilisoma zaidi ya 1.3. Zilikuwa nzima kabisa. Tatizo ni kwamba mashine yake ilitengenezwa ikitarajia betri nne za volti 1.5, jumla 6, na nne za NiMH ni volti 4.8. Pampu ikianza kujaza upepo kwenye mkanda wa mkono, inavuta umeme mwingi kwa mkupuo, volti inashuka zaidi, na mashine inadhani betri zimeisha.

Betri ya alkaline huanza na 1.5 na kushuka mteremko mrefu hadi karibu 0.9. NiMH hukaa 1.2 karibu muda wake wote wa kazi, kisha huporomoka mwishoni. Kwa hiyo alama ya betri kwenye vifaa vingi hukudanganya kuhusu NiMH pande zote mbili: inaonyesha nusu ikiwa imejaa, na inaonyesha nusu dakika chache kabla haijakata. Kama kifaa chako kina mahali pa kuchagua aina ya betri, kama ilivyo kwa baadhi ya vipaza sauti na flashi za kamera, chagua NiMH na tatizo litaisha. Kama hakina na bado kinafanya kazi, usiiamini alama, hesabu saa.

Kwa mashine ya presha nilimshauri mama anunue alkaline, ama atumie adapta yake ya ukutani. Namba za presha zinazosomwa huku alama ya betri inawaka si za kumpelekea daktari. Zile NiMH zake tukazihamishia kwenye redio, na zinaimba mpaka leo.

Saa ya ukutani nayo haina haja ya betri ya kuchaji. Inakula umeme kidogo sana, betri ya kawaida ya dukani huiendesha mwaka na zaidi. NiMH inapata faida kwenye vitu vinavyokula: tochi, vipaza sauti, toi, flashi, redio inayolia kutwa.

Niliichaji nikaiweka, nikaja kuikuta tupu

NiMH za mtindo wa zamani hujivuja zenyewe zikiwa zimekaa tu, na joto huharakisha. Ndani ya wiki chache zimepungua sana, ndani ya miezi michache ni kama hazikuchajiwa. Huo si ubovu, ni maumbile yake.

Mwaka 2005 kampuni ya Sanyo ya Japani ilitoa Eneloop, betri za NiMH zinazotunza chaji, ikisema baada ya mwaka mmoja hubaki na asilimia 85 hivi. Wengine wakafuata. Leo betri za namna hiyo utazijua kwa maneno Pre-Charged au Ready to Use kwenye pakiti, na huwa na namba ya wastani, 1900 hadi 2100 mAh kwa AA. Kwa tochi ya dharura inayongoja umeme ukatike, chukua hizi. Watu wanavutwa na 2700 kwa sababu namba ni kubwa, kumbe ndizo zinazopoteza chaji upesi zaidi na kuzeeka mapema.

Na namba zenyewe zina uongo mwingi. AA ya NiMH haivuki 2800 mAh au karibu na hapo. Ukiona 3500 au 4000, hiyo namba imetungwa. Ipime uzito: AA nzuri ina gramu 26 hadi 30. Ya uongo ni nyepesi, utaihisi ukiweka moja kila kiganja. Kwenye zile kubwa za redio, saizi D, ulaghai ni mkubwa zaidi. Baadhi ndani yake mmefichwa betri ndogo ya AA iliyovikwa gamba. D halisi ya NiMH ni nzito kama jiwe, gramu 150 na kuendelea.

Chaja haiwaki, inatoa harufu, au inapiga shoti

Kama chaja imeletwa na ndugu kutoka Marekani au Japani, soma nyuma yake kabla haijagusa ukuta. Palipoandikwa INPUT panatakiwa pawe na 100-240V. Ikiwa 120V au 100V peke yake, umeme wetu wa volti 230 utaiua kwa sekunde. Ikishatoa moshi, haina matengenezo yanayolipa.

Chaja ya USB isiyowaka au inayowaka na kuzima, badilisha waya kwanza, kisha kichwa cha chaja ya simu unachoichomekea. Chaja ya betri nne huweza kuhitaji volti 5 na ampea 2, na kichwa cha zamani hutoa ampea moja au nusu. Ukiunga moja kwa moja kwenye paneli ndogo ya sola, kila wingu likipita chaja inaanza upya. Ni afadhali sola ijaze pawabenki, na pawabenki ndiyo ilishe chaja.

Kuna jambo nimeliona nyumba nyingi: plagi ya miguu miwili kwenye soketi ya matundu matatu, na kalamu au kijiti kimechomekwa tundu la juu ili lifunguke. Plagi hiyo inakaa imelegea, inatoa cheche, soketi inayeyuka. Adapta ya plagi ni bei ndogo. Nunua.

Hatari zaidi ni chaja nyepesi mno, zile za plagi ya kukunja nyuma. Baadhi hazina transfoma ndani, vyuma vinavyogusa betri vimeungana na umeme wa ukutani. Ukigusa betri huku imechomekwa, unapigwa. Mwenye watoto asiwe nayo. Kwa chaja yoyote usiyoijua, zima na uchomoe kwanza, ndipo utoe betri.

Ya kununua basi ni ipi?

Ni chaja inayoangalia kila betri peke yake, ikate yenyewe, itoe kati ya 500 na 1000 mA kwa AA, na ipokee 100-240V au USB. Kama ina kioo kinachoonyesha volti na mAh zilizoingia ni bora zaidi, kwani hapo utaijua betri dhaifu bila kubahatisha. Ninayotumia sasa iligharimu karibu sawa na pakiti tatu za betri nzuri. Muuzaji dukani mwambie akuache ujaribu kwa betri moja kabla hujalipa, ile taa itakueleza. Wanaohofia LUKU niwatoe wasiwasi: AA moja hula kiasi cha wati-saa 5 pamoja na upotevu, uniti moja, yaani wati-saa 1000, inachaji betri kama 200.

Na ikiwa kweli imekufa?

Bila chaja yenye kioo, mimi hutumia tochi ile ile na saa. Betri zikiwa mpya zimewaka muda gani, sasa zinawaka muda gani. Zikishuka chini ya nusu hata baada ya kuzungushwa mara tatu za kuchaji na kumaliza, nazistaafisha kutoka kwenye vipaza sauti na kuzipa rimoti. Zikikataa rimoti, zimekwisha.

Usizichome na takataka, na NiCd hasa usiitupe karibu na kisima wala shambani, ile kadimiamu ni sumu inayoingia kwenye udongo na mboga. Ziba ncha zake kwa selotepu ili zisigusane, ziweke kwenye kopo kavu la plastiki mahali mtoto hafiki, na kopo likijaa lipeleke kwa wanaokusanya taka za vifaa vya umeme.